Si tope tupu: Historia ya elimu ya pwani mjini Dubai

Asubuhi ya majira ya baridi, maji yanapokupwa katika hifadhi ya Ras Al Khor mjini Dubai, heroe mamia kwa mamia husimama kwenye tope wameinamisha shingo zao ndefu, wakichuja chakula majini kwa midomo iliyopinda. Nyuma yao, ng'ambo ya uwanda huo, limesimama jengo la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828. Pembezoni mwa hifadhi kuna vibanda vya kuangalia ndege, na miongoni mwa wanaofika humo ni makundi ya wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14, wenye darubini na madaftari, waliotumwa kuhesabu kile wanachokiona.

Ziara ya namna hiyo huonekana kuwa jambo dogo. Lakini Dubai ni mji uliozaliwa na bahari, na palikuwa na wakati ambapo mtoto wa mji huo hakuhitaji basi wala ruhusa ya mwalimu ili aijue pwani. Katika muda wa miaka mia moja hivi, elimu ya pwani ilitoka mikononi mwa wazee wa baharini, ikakaribia kupotea, kisha ikaanza kurejea kupitia shule. Habari hiyo inawahusu pia Waswahili, kwa kuwa bahari na mikoko yao imo ndani yake tangu mwanzo.

Darasa la jahazini

Mwanzoni mwa karne ya 20, maisha ya Dubai yalitegemea lulu. Kila msimu wa joto, kuanzia takriban mwezi wa Juni hadi mwishoni mwa Septemba, majahazi yalielekea kwenye vilindi vifupi vya Ghuba vyenye chaza. Kila jahazi lilikuwa chini ya nahodha, neno ambalo Waswahili na Waarabu wa Ghuba wanalitumia kwa maana moja. Mzamiaji alibana pua yake kwa kibano, akaweka jiwe mguuni, akashuka. Juu, mwenzake alishika kamba akisubiri ishara ya kumvuta. Na katika jahazi hilo hilo walikuwamo wavulana wadogo, waliochukuliwa kuwahudumia wakubwa na kujifunza kazi.

Mvulana huyo hakuwa na daftari, lakini alikuwa shuleni. Alijifunza kusoma kina cha maji kwa rangi yake, kutambua sakafu ya bahari yenye chaza na isiyo nao, na kujua upepo wa shamali ukianza kuchafua bahari. Alijifunza pia nyota. Katika Ghuba, kuonekana kwa nyota ya Suhail alfajiri, katika nusu ya pili ya mwezi wa Agosti, ndiko kulikoanzisha hesabu ya mwaka, na siku zilihesabiwa kwa makumi yaitwayo durur. Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka kwamba wazee wa Kiswahili nao waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa makumi ya siku, wakayaita miongo. Pande mbili za bahari moja zilikuwa na kalenda za namna moja, kwa sababu zilikuwa na kazi za namna moja.

Isidhaniwe kwamba maisha hayo yalikuwa ya raha. Wazamiaji wengi waliishi katika madeni kwa nahodha na kwa matajiri waliomkopesha nahodha, na mara nyingine deni la baba lilimwangukia mwana. Wapo waliopoteza uwezo wa kusikia, na wapo wasiorudi. Hakuna haja ya kuyatamani yale maisha. Lakini elimu iliyokuwamo ndani yake ilikuwa elimu ya kweli, na ilipitishwa kwa mkono, jicho na sikio.

Shule iliyojengwa kwa lulu

Lulu ndiyo iliyoijenga pia shule ya kwanza rasmi ya mji huo. Al Ahmadiya, iliyoanzishwa mwaka 1912 katika mtaa wa Deira, ilikuwa kazi ya familia ya mfanyabiashara wa lulu, Ahmad bin Dalmouk. Palifundishwa Qurani, uandishi na hesabu, na wanafunzi walikaa umbali mfupi tu kutoka hori la Dubai, mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi. Waarabu huuita khor, na neno hilo ndilo Waswahili wanalolitamka hori.

Majengo ya zamani ya Dubai yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, na dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazikuota Ghuba. Mkoko wa asili unaoota katika Umoja wa Falme za Kiarabu ni wa aina moja tu, ule ambao Waswahili huuita mchu, na katika joto na chumvi ya huko mti huo huwa mfupi wenye matawi yaliyojikunja. Miti mirefu iliyonyooka ililetwa kwa majahazi kutoka misitu ya Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarejea na kusi yakiwa na boriti. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alikuwamo katika jahazi la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia shehena ya namna hiyo. Upana wa vyumba katika nyumba nyingi za Ghuba ulifuata urefu wa boriti: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti ulivyokuwa mrefu.

Kwa hiyo mtoto aliyekaa ndani ya nyumba za aina hiyo alizungukwa na pwani mbili: mawe ya bahari yake ukutani, na mikoko ya Waswahili juu ya kichwa chake.

Neema hiyo haikudumu. Lulu zilizokuzwa na binadamu nchini Japani, kwa njia iliyoendelezwa na Mikimoto Kokichi, ziliingia sokoni kwa wingi katika miaka ya 1920, na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukawaondoa wanunuzi waliobaki. Biashara ya Ghuba ikaanguka. Al Ahmadiya yenyewe ilifungwa kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1930 kabla ya kufunguliwa tena, kwa kuwa mfuko uliokuwa ukiilisha ulikauka.

Hori lachimbwa, ufuko wabadilika

Kilichofuata ni mabadiliko makubwa ya pwani yenyewe. Katika miaka ya 1950 mchanga ulikuwa ukiliziba hori, na majahazi makubwa yalishindwa kuingia. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeanza kutawala mwaka 1958, alikopa fedha Kuwait na kuagiza hori lichimbwe. Kazi hiyo ilifanyika kati ya mwaka 1959 na 1961, na mchanga uliozolewa ulitumika kujazia ardhi ya chini kandokando ya hori. Mji ulipata bandari, na bandari ikaleta riziki hata kabla ya mafuta, ambayo yaligunduliwa mwaka 1966. Bandari ya Rashid ilifunguliwa mwaka 1972, ya Jebel Ali mwaka 1979. Mwaka 2001 ulianza ujenzi wa Palm Jumeirah, kisiwa chenye umbo la mtende kilichotengenezwa kwa mchanga uliofyonzwa kutoka sakafu ya bahari.

Ukiitazama ramani ya mjenzi, maji mafupi na uwanda wa tope ni mahali patupu panaposubiri kujazwa. Mzamiaji wa zamani asingeiona pwani hivyo, kwa sababu riziki yake ilitoka humo. Lakini mzamiaji hakuwapo tena, na watoto wake walikuwa shuleni. Katika miaka ya 1950 na 1960 shule za kisasa zilifunguliwa kwa msaada wa Kuwait na nchi nyingine za Kiarabu, zikaja na walimu, madawati na vitabu. Zilileta mengi ya kheri. Hata hivyo, vitabu vilivyoandikwa kwingine havikuweza kumweleza mtoto ni kiumbe gani kilichochimba shimo katika tope la hori lake. Kizazi kimoja kiliifahamu pwani kwa kazi. Kilichofuata kiliitazama kutoka dirishani.

Wazo la kufundisha nje

Wazo la kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka ufukoni lilikuwa limeanza kwingineko. Mwaka 1873 mwanasayansi mzaliwa wa Uswisi, Louis Agassiz, aliwakusanya walimu katika kisiwa kidogo cha Penikese, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akawataka wamsome kiumbe mwenyewe kabla ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Agassiz alifariki dunia mwezi Desemba mwaka huo huo, lakini baadhi ya wanafunzi wake walieneza njia hiyo. Nchini Uingereza, kituo cha Flatford Mill kilifunguliwa mwaka 1946 kwa ajili ya masomo ya nje, mara tu baada ya vita. Na mwezi Oktoba mwaka 1977, mkutano wa kimataifa uliofanyika Tbilisi, ambayo leo ni mji mkuu wa Georgia, uliyahimiza mataifa kuifanya elimu ya mazingira kuwa sehemu ya masomo ya kila rika.

Katika Falme za Kiarabu wazo hilo lilikuta haja iliyo tayari. Mwaka 1985 Ras Al Khor, mwisho wa hori la Dubai, ilianza kulindwa. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 6.2 tu, lakini ndani yake mna uwanda wa chumvi, tope, vidimbwi na mikoko. Mwaka 1998 Ali Saqr Al Suweidi alianzisha kundi la Emirates Marine Environmental Group, ambalo limekuwa likiwapokea wanafunzi kwenye pwani ya upande wa Jebel Ali na kuwaonyesha mikoko na fukwe ambamo kasa aina ya ng'amba hutaga mayai. Mwaka 1999 ikatoka sheria ya shirikisho ya kulinda mazingira. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa kuwatibu kasa waliodhoofika, na zaidi ya kasa 2,000 wamekwisha kurudishwa baharini, mara nyingine watoto wa shule wakishuhudia. Na mwaka 2007 Ras Al Khor iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ikiwa ya kwanza kwa nchi hiyo.

Somo lenyewe

Somo la ikolojia ya pwani, yaani elimu ya mahusiano ya viumbe na mahali wanapoishi, halihitaji vifaa vya ghali. Huanza na jedwali la maji kupwa na kujaa, kwa kuwa somo la ufukoni hupangwa na mwezi na si na kengele. Hufanyika zaidi kati ya Novemba na Machi, wakati jua la Ghuba linapovumilika.

Pale panaporuhusiwa kukanyaga, kamba hunyooshwa kutoka ukingo wa nchi kavu hadi kwenye maji. Kila baada ya hatua kadhaa, fremu ya mraba huwekwa chini, na wanafunzi huhesabu kilichomo: mashimo ya kaa, konokono, mizizi ya mchu inayochomoza kama penseli ili kupata hewa. Takwimu huandikwa hapo hapo. Wakirudi darasani huchora grafu, nao huona wenyewe kwamba viumbe hawakutawanyika ovyo. Kila aina ina ukanda wake, kwa kadiri inavyovumilia kukauka, chumvi na joto.

Kuna somo la chumvi. Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ya Ghuba hufikia 40 na zaidi, kwa sababu Ghuba ni fupi, ina jua kali na mito michache. Mwanafunzi hupima maji, kisha huambiwa alambe upande wa chini wa jani la mchu. Ladha ya chumvi anayoipata ni jibu la swali la namna mti unavyoishi pale: huinywa chumvi na kuitoa jasho kupitia majani.

Kuna somo la harufu. Tope likifukuliwa huwa jeusi na lenye harufu ya yai viza, na watoto huziba pua. Mwalimu hueleza kwamba chini ya tabaka la juu hakuna oksijeni, na kwamba vijidudu wanaoishi bila hewa hiyo ndio wanaotoa harufu. Mashimo ya kaa huingiza hewa ndani. Kwa hiyo kaa ni mkulima wa tope. Na kuna somo la rangi: heroe hazaliwi na rangi ya waridi, bali huipata kutoka kwa mwani na vijidudu wa majini anaowala. Ukiondoa tope, umeondoa chakula. Ukiondoa chakula, umeondoa rangi na ndege mwenyewe.

Ras Al Khor hupokea ndege wa majini zaidi ya 20,000 katika majira ya baridi. Vitwitwi wanaochokoa tope hilo hutoka kaskazini ya mbali, na wengine huendelea hadi Afrika Mashariki. Yuko pia ndege mweupe na mweusi mla kaa, anayezaliana katika visiwa vya Ghuba na kwenda kukaa msimu katika fukwe za Kenya na Tanzania. Majahazi ya boriti yamekoma, lakini ndege huyo bado anaifuata njia ile ile.

Mawe yaliyo hai

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili upo Zanzibar. Kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994 kwa juhudi za Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Kijerumani aliyewahi kufanya kazi katika elimu nchini Tanzania. Wavuvi wa zamani waliajiriwa kuwa walinzi, na mapato ya wageni yakagharimia ziara za wanafunzi na walimu wao.

Walioanzisha masomo hayo walikumbana na tatizo la lugha. Katika mazungumzo ya kawaida matumbawe yaliitwa mawe na miamba tu, na jiwe halifi, wala halihitaji kulindwa. Ndipo watoto walipovalishwa miwani ya kuzamia, wengi wao, hasa wasichana, wakitazama chini ya maji kwa mara ya kwanza, wakaona kwamba lile jiwe linakula, linakua na linazaa. Yaliyotokea Chumbe na yanayotokea Dubai ni jambo moja: kitu kilichodhaniwa kuwa hakina uhai kimehesabiwa na kukutwa kimejaa uhai.

Maswali yaliyobaki

Wapo wanaouliza kama ziara hizo zina uzito wowote mbele ya majengo. Swali hilo ni la haki. Ujenzi wa visiwa vya mchanga uliyafunika baadhi ya maeneo ya bahari ambamo somo lingefanyika, na joto kali la maji katika miaka ya 1996 na 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Jebel Ali. Ziara moja kwa mwaka, yenye picha nyingi na hesabu chache, haitengenezi mjuzi wa pwani. Mvulana wa jahazini alikaa baharini miezi minne. Mwanafunzi wa leo hukaa saa tatu.

Kuna na jambo jingine, lisilosemwa mara nyingi. Mwaka 2021, katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Falme za Kiarabu ziliahidi kupanda mikoko milioni 100 ifikapo mwaka 2030, na miaka miwili baadaye mkutano kama huo ulifanyika Dubai penyewe. Kupanda mti ni kazi njema, na watoto huipenda. Lakini mche ukipandwa juu ya tope ambalo ndege hulitegemea kwa chakula, kazi njema huweza kuharibu kazi nyingine. Anayejua kupanda tu huona tope na kudhani ni mahali palipopungukiwa miti. Aliyewahi kuweka fremu na kuhesabu mashimo huuliza kwanza: hapa pana nani?

Swali hilo ndilo urithi wa elimu ya ufukoni, na uzito wake umo katika wakati. Mwanafunzi wa miaka 12 anayehesabu kaa leo huenda kesho akawa mhandisi, mfanyabiashara au afisa wa manispaa, na mbele yake ikawekwa ramani yenye eneo lisilopakwa rangi kando ya maji. Wengi wa watoto wa Dubai ni wa wazazi kutoka nchi nyingine, wakiwamo wa Afrika Mashariki na wale wenye asili ya Zanzibar. Ramani hiyo huenda ikawa ya Dubai, na huenda ikawa ya Mombasa, Lamu au Dar es Salaam.

Jengo la Al Ahmadiya lilikarabatiwa na kufanywa makumbusho, na lulu iliyolijenga haipo tena sokoni. Kilomita chache kutoka hapo, mwisho wa hori lile lile, maji yanaendelea kukupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Madamu tope hilo lipo, somo lake lipo. Likifukiwa, hakuna kitabu kitakachoweza kulifundisha mahali pake.